Jambia, hanjari, sime au kisu? Mwongozo kamili wa maana na asili ya maneno haya

Kuna kosa nililifanya miaka kadhaa nyuma na mpaka leo linaniuma. Nilikuwa naandika maandishi ya chini ya video moja ya harusi ya Yemen, bwana harusi kasimama na mshipi mpana kiunoni, katikati ya mshipi kuna kile kisu kilichopinda, msimulizi wa Kiingereza akakitaja kwa neno lao dagger na mimi bila kufikiri mara mbili nikaandika "sime". Video ikatoka hivohivo. Baada ya siku kadhaa nikaenda kumsalimia mzee mmoja Mji Mkongwe, Zanzibar, nikamwonyesha kazi yangu kwa furaha kabisa, shikamoo babu tazama hii, akaangalia, akatulia, akasema, "Mwanangu, sime anavaa Mmasai. Huyu kijana kavaa jambia." Halafu akainuka akaenda ndani akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Ntawaeleza kilichokuwa ndani ya kitambaa, ila kwanza niseme kwa nini naandika. Kiingereza kina neno moja pana, dagger, na ukifungua kamusi itakupangia jambia, hanjari, sime, kisu kwa mstari mmoja kama vile vyote ni kitu kimoja na wewe chagua unalolipenda. Sivyo. Kila neno hapo lina umbo lake, lina watu wake na lina njia lililopita mpaka kufika mdomoni kwetu. Kwa hiyo hapa naweka hatua ninazozifuata mimi sasa hivi, unaweza kuzitumia kwa maneno haya na hata kwa mengine yoyote unayotaka kujua asili yake.

Hatua ya 1: anza na kitu chenyewe, kamusi baadaye

Tafuta picha, au bora zaidi mtu mwenye nacho. Jiulize: kimenyooka au kimepinda? Kina makali upande mmoja au pande zote mbili? Kinakaa wapi mwilini? Ala yake ikoje? Na kinafanya kazi gani, kukata, kuchoma, au kupendeza tu?

Kile cha babu kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhania. Ala ya mbao imefunikwa ngozi, na juu ya ngozi nyuzi za fedha zimesokotwa nyembamba sana hadi unadhani ni uzi wa kushonea, chini ala imekunja ghafla ikaelekea juu kama mtu aliyekunja kiwiko. Kuna pete za fedha za kupitishia mshipi. Nikauliza mbona ala imekunja namna ile wakati kisu chenyewe ni kifupi, babu akakichomoa polepole, na kweli, ule ubapa umepinda kidogo tu na unaishia katikati ya ala, kile kipande kingine chote kilichopinda ni urembo mtupu. Ubapa una makali pande zote mbili na katikati kuna mgongo uliosimama kutoka mpinini hadi nchani. Mpini umebana katikati, juu na chini mpana, kiasi kwamba ukikishika mkono hautelezi. Hilo ndo jambia, na Waomani wao wanaliita khanjar.

Mpini hapo usiupite haraka maana una historia inayotugusa. Kule Yemen mpini uliothaminiwa kuliko yote ni wa pembe ya faru, kwa sababu kadiri unavyoshikwa miaka na miaka unang'aa na kuwa na rangi kama ya asali. Miaka ya 1970 hela za mafuta zilipoingia, vijana wengi wa Yemen waliokuwa wakifanya kazi Saudia wakaweza kununua majambia ambayo zamani walikuwa nayo wakubwa tu, na pembe nyingi zikatoka huku kwetu Afrika Mashariki. Kenya mwaka 1970 ilikadiriwa kuwa na faru weusi kama 20,000, mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Yemen haikuwa soko pekee, Asia ya mashariki nako walikuwa wakinunua kwa ajili ya dawa, na Yemen yenyewe ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982. Lakini mimi kila nikiliona neno jambia na wale faru nawakumbuka.

Sasa sime. Sime imenyooka, ni ndefu kuliko jambia, ina makali pande mbili, na alama yake kubwa ni kwamba inapanuka kadiri inavyoelekea nchani halafu ndo inachongoka, kama jani fulani refu. Ala yake ya ngozi, mara nyingi imepakwa rangi nyekundu, na inavaliwa ubavuni kwenye mkanda. Wamasai wenyewe kwa Kimaa wanaiita ol-alem, na sio Wamasai tu, Wakikuyu na Wakamba nao wana silaha za umbo hilo. Kwa ufupi iko kati ya kisu na upanga, na ndo maana inawachanganya watu.

Vingine kwa haraka: singe ni ile inayochomekwa mbele ya bunduki, wala usiiite jambia. Kotama ni kisu kilichopinda cha mgema wa tembo, ni chombo cha kazi na hakina ubaya na mtu. Shembea ni kisu kipana kilichopinda, neno la zamani, vijana wengi hawalijui tena.

Hatua ya 2: tazama ngeli

Watu wanairuka hii hatua na ndo inayotoa siri mapema. Jambia, wingi majambia, jambia lile, majambia yale. Kisu, visu. Sime hii, sime hizi, hanjari hii, hanjari hizi. Panga hili, mapanga haya.

Ukiona neno linabadilika kwa ki- na vi- usikimbilie kusema ni la Kibantu maana kitabu nacho ni vitabu na kimetoka kwa Waarabu, lakini kisu kweli ni chetu. Namna ya kuhakikisha ni kuuliza majirani. Mkikuyu anasema kahiũ, Mkamba kavyũ, Mganda akaso. Ukiondoa kile kiambishi cha mbele unabaki na -hiũ, -vyũ, -so, na sisi -su. Hao ni ndugu wa tumbo moja, kila mmoja kakulia kwake sauti ikabadilika. Neno ambalo ndugu zako wa bara wanalo kwa mpangilio kama huo halikuja na jahazi.

Upanga na panga nao wana jambo zuri: upanga ni ule mrefu wa vita, ukitoa u- ukasema panga, mapanga, unapata kitu kipana kizito, ndo hili tunalofyekea nyasi. Na neno panga limetoka hapa kwetu likaingia kamusi za Kiingereza kama lilivyo, kwa hiyo sio sisi tu tunaokopa.

Hatua ya 3: sikiliza sauti zilizobadilika

Kiarabu cha Yemen wanasema janbiyya. Sisi tunasema jambia. Hiyo n imekwenda wapi? Haikupotea. Kwa Kiswahili n ikikutana na b inakuwa m, midomo inataka kufunga mapema. Ushahidi upo msikitini, minbar ya Kiarabu kwetu ni mimbari. Upo baharini pia, ile anbar inayotoka kwa nyangumi na kunukia kwetu ni ambari. Ukishapata mifano miwili ya aina moja, hapo unajua sio bahati, ni kanuni. Na ule mwisho -iyya umefupishwa ukawa -ia, basi, neno limekamilika.

Hanjari nayo fanya vilevile. Khanjar, ile kh ya kooni tumeilainisha ikawa h kama khabar ilivyokuwa habari na khatar hatari, halafu mwisho hatupendi kuacha r inaning'inia kwa hiyo tunaiwekea i, kama bandar ikawa bandari, safar ikawa safari. Kwa hiyo ukiona neno lolote unalolishuku limetoka Uarabuni, lirudishe nyuma kwa njia hizihizi uone kama linakaa. Lisipokaa, shuku zako ziache kwanza.

Hatua ya 4: ingia kwenye mzizi

Hapa ndo penye utamu. Kiarabu maneno mengi yamejengwa juu ya herufi tatu. Janbiyya mzizi wake ni j-n-b, na janb maana yake ni ubavu, upande. Yaani jambia ni "ile ya ubavuni". Halikuitwa kwa ukali wake wala kwa kuua, limeitwa kwa mahali linapokaa mwilini.

Cha kushangaza ukiangalia wanaume wengi wa makabila ya Yemen leo, jambia limesimama wima katikati ya tumbo, sio ubavuni kabisa. Wale wa koo za masayyid na makadhi ndo kwa desturi wanalivaa limeegemea upande wa kulia. Jina limebaki pale pale ubavuni hata kama kitu chenyewe kimehamia mbele. Majina mengi yako hivyo.

Sasa chukua j-n-b hiyohiyo uangalie ndani ya Kiswahili chako mwenyewe. Ajinabi, yaani mgeni, mtu wa kando, asiye wa hapa. Janaba, ile hali inayomlazimu mtu aoge kabla ya kuswali, kwa kuwa anakaa kando na sala mpaka atoharike. Maneno yote mawili yana ule "upande", ile "kando". Mimi siku niliyogundua kwamba jambia, ajinabi na janaba ni watoto wa nyumba moja sikulala mapema, nilikaa na karatasi natafuta wengine. Umeongea Kiswahili tangu utoto na maneno hayo umeyatumia yote matatu na hukuwahi kuyaona yamekaa meza moja.

Angalizo: usilazimishe. Maneno yenye sauti za kufanana sio lazima ni ndugu. Jambazi halina undugu na jambia hata kama jambazi mwenyewe kalibeba mkononi, na jambo vilevile. Mzizi unathibitishwa na sauti pamoja na maana, vyote viwili, kimoja hakitoshi.

Hatua ya 5: lifuate neno lilikopita

Janbiyya ni jina la Yemen zaidi, khanjar ni la Oman. Na pwani yetu watu wa pande zote mbili walikuja na kukaa, Wahadhrami kutoka kusini mwa Yemen, Waomani walioitawala Zanzibar karne ya 19. Kwa hiyo Kiswahili kimebaki na jambia na hanjari vyote, lakini katika mazungumzo ya kila siku jambia ndo limeshinda, hanjari utaikuta zaidi kwenye mashairi na maandishi ya zamani. Picha za masultani wa Zanzibar utaona wamelivaa kiunoni juu ya kanzu na joho, na bwana harusi wa Lamu au Unguja wa zamani naye siku hiyo alivaa, maana ni vazi la heshima kabla ya kuwa silaha.

Oman mpaka leo wamelishika. Liko kwenye bendera yao ya mwaka 1970, pale pembeni juu, pamoja na panga mbili zilizopishana. Mwaka 2022 UNESCO wakaiweka khanjar ya Oman, ufundi wake na desturi zake, kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ukiwa na ndugu Muscat wanaoongea Kiswahili, na wako wengi, waulize wanaliitaje nyumbani wakiongea Kiswahili, halafu waulize tena kwa Kiarabu, andika majibu yote mawili. Hiyo ni kazi ndogo lakini ina faida kuliko kusoma kurasa kumi.

Na khanjar yenyewe imetembea kuliko jambia. Waajemi wanayo, Waturuki wanasema hançer, Wahindi khanjar, ikapanda milima ya Kaukazi ikafika kwa Warusi ikawa kinzhal. Ndo hilohilo jina la kombora la Urusi mnalolisikia kwenye habari. Kwa hiyo hanjari ya kwenye shairi la Kiswahili na kombora la Urusi ni jina moja, limetokea milango tofauti.

Hatua ya 6: upande wa Kiingereza

Dagger lilianza kuandikwa kwa Kiingereza karne ya 14. Wengi wanalihusisha na dague ya Kifaransa, na ndugu zake wamejaa Ulaya, Wahispania na Wataliano wana daga, Wareno adaga. Kuna wanaodai daga ni "kisu cha Kidakia", watu wa Dakia, eneo la Romania ya leo, lakini hilo ni pendekezo tu, usiliandike kama jambo lililothibitishwa. Kitu kimoja ninachokipenda hapa: Wareno walikaa pwani yetu miaka karibu 200 tangu 1498, wakatuachia meza, leso, gereza, kasha, karata, ila adaga yao hatukuichukua. Silaha hiyo tayari tulikuwa nayo na jina lake tulikuwa nalo.

Hatua ya 7: chagua neno unapotafsiri

Ukishafanya hizo zote, kuchagua kunakuwa rahisi. Mwarabu, Mwomani, Myemeni, au kisu chochote cha kiunoni kilichopinda cha heshima: jambia. Mmasai na majirani zake: sime. Shairi au hadithi ya kale unataka ladha ya zamani: hanjari. Kisu cha kawaida cha mwizi wa mjini: kisu, usimvalishe mwizi jambia. Cha askari wa Kirumi, cha Ulaya ya zamani, kilichonyooka na chenye makali pande mbili, mimi naandika "kisu cha makali kuwili" halafu naendelea na "kisu". Wengine wanaandika jambia hata hapo na siwezi kusema wamevunja sheria, neno limeshapanuka, ila mimi nikisoma jambia namwona mtu wa kanzu, na Mrumi hakuvaa kanzu.

Mfano mzuri uko kwenye Biblia, Waamuzi sura ya 3, Ehudi aliyejitengenezea silaha ya makali kuwili akaificha pajani. Biblia ya Kiingereza ya King James inasema dagger. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union wakasema upanga. Ukitazama urefu wake uliotajwa, dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, utaona hawakukosea, jambia haliwi refu namna hiyo. Walikitazama kitu kwanza.

Misemo ndo usiiguse neno kwa neno kabisa. Waingereza wakisema watu wamechomoleana hizo dagger maana yake ni maadui, sisi tunasema hawapikiki chungu kimoja. Wakisema mtu anatazama kwa dagger, sisi tunasema kamkata jicho. Wakisema anazisema kwa mdomo, yaani maneno ya kuchoma, hapo Kiswahili kimejaa: anampiga vijembe. Kijembe nacho ni chombo cha kukatia, kidogo, na wapenzi wa taarabu wanajua kinavyokata.

Hatua ya 8: ile alama †

Hii inawapata sana wanaotafsiri vitabu. Kwenye Kiingereza alama † nayo inaitwa dagger, na programu za kutafsiri zikiikuta zinakuandikia "jambia" katikati ya tanbihi, msomaji anabaki kushangaa jambia limetoka wapi kwenye kitabu cha hesabu. Alama hiyo asili yake ni Ugiriki, jina lake la zamani obelos, yaani kijiti cha kuchomea nyama, mshikaki tu kwa lugha yetu. Aristarchus, msomi wa Alexandria wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alikuwa akiweka alama ya jina hilo pembeni mwa mistari ya mashairi ya Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki, aliyoishuku kwamba sio ya Homer kweli. Enzi zake ilikuwa kistari tu, umbo hili la kisu lilikuja baadaye.

Leo inatumika kuonyesha tanbihi ya pili baada ya nyota *, na ya tatu inakuwa ‡ yenye vikono viwili. Kwenye orodha za ukoo ikiwekwa kabla ya mwaka maana yake mtu kafariki mwaka huo, na kwa wanabaolojia maana yake kiumbe kimetoweka duniani. Mimi kwenye maandishi naiita "alama ya kisu" mara ya kwanza na kuiweka yenyewe hapohapo ili msomaji aione, baada ya hapo naandika † tu. Jambia naliacha kwa wenyewe.

Kuipata: kwenye kompyuta ya Windows shikilia Alt huku unaandika 0134 kwa zile namba za pembeni kulia, ya vikono viwili ni 0135. Kwenye Mac ni Option pamoja na T. Kwenye simu nyingi za Android nenda kwenye alama, shikilia nyota * bila kuachia, zitatokea † na ‡ juu yake, telezesha kidole uchague.